Kankindi na Kidhibiti Chake

Sajini Malongo alikosea jambo moja tu, lakini lilikuwa kosa la kumtosha mwaka mzima. Alimwambia Kankindi kwamba ni mwizi wa ng'ombe, halafu akamtaka aondoke bila ng'ombe.

Ilikuwa Murusagamba, kiangazi cha mwaka tisini na tano, siku ya gulio. Kankindi alikuwa uani kwa wifi yake Leonsia, anamenya mihogo. Hapo ndipo alipokuwa akiishi tangu avuke mpaka kutoka Burundi, miaka miwili nyuma, mumewe Bukuru alipouawa. Kambini hakwenda. Leonsia alikuwa dada wa damu wa huyo Bukuru, ameolewa upande huu na Mhangaza aitwaye Frednand, na alishasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba mke wa kaka yake hatalala chini ya turubai wakati yeye ana nyumba ya bati. Kankindi alikuwa amefika na kamba mkononi, na mwisho wa kamba alikuwa ng'ombe mwekundu aitwaye Gaju. Basi. Hata sufuria hakuwa nayo.

"Shikamoo mama," Malongo alisema.

"Marahaba."

"Chukua kanga yako twende. Hapo mpakani tu. Kuna maneno kidogo, wenzetu wa upande wa pili wanataka kukuuliza."

"Wenzako akina nani?"

Sajini akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne na kulowa jasho. "Mzee mmoja wa kilimani kwenu. Sindayigaya. Anasema umemwibia ng'ombe ukatoroka naye."

Jina hilo! Kisu kilimponyoka Kankindi kikaanguka kwenye maganda. Sindayigaya ndiye aliyekuja nyumbani kwao asubuhi ile, saa ya chai, na vijana wenye mapanga. Bukuru alikatwa mlangoni. Kankindi alikimbilia migombani, na akiwa anakimbia alimsikia Sindayigaya nyuma yake anacheka, anawaambia vijana wake, "Tazameni mgongo wake huo! Mwacheni, hafiki mbali." Alifika. Akajificha, akarudi kumchukua Gaju aliyekuwa malishoni, akavuka. Sasa mtu yuleyule anamwita mwizi, na huyu sajini anataka kumkabidhi kwake pale kwenye daraja la magogo, kirahisi namna hiyo! Kankindi alijua fika kwamba akivuka daraja lile jioni haitamkuta hai.

Hakulia. Aliokota kisu, akakifuta, akakiweka juu ya kinu. Kisha akaenda zizini, akamfungua Gaju, na ile kamba akajifunga nayo kiunoni mafundo matatu.

"Haya, twende Ngara."

"Ngara? Mama, nimesema mpakani."

"Mpakani kuna mahakama? Hapa gulioni mwizi wa kuku mnampeleka kituoni na kuku wake mkononi. Mimi nimeiba ng'ombe. Mwizi bila kidhibiti ni mwizi gani, Afande? Naenda mahakamani, na kidhibiti changu hiki hapa."

Malongo akacheka. Akacheka peke yake, maana Leonsia alikuwa ameshatoka barabarani anapiga yowe, na watu wa gulio wakaanza kujaa, wanawake na vikapu vyao vya maharage, wanaume na vibuyu vyao. Kankindi akaketi chini katikati ya njia. Sajini alimshika mkono kumwinua, Gaju akatikisa kichwa akarudi nyuma, kamba ikavutika, na wote watatu wakaburuzana vumbini mpaka kofia ya serikali ikadondoka. Loo, watu walicheka siku ile! Mama mmoja muuza dagaa akauliza, "Afande, unamvusha mtu mzima kama debe la mafuta ya magendo? Karatasi yako ina muhuri?" Haikuwa na muhuri. Malongo aliitazama mara mbili, kana kwamba muhuri ungeota.

Basi wakaenda Ngara kwa miguu. Siku mbili! Pikipiki ya sajini ikawa ya kusukumwa, kwa sababu kila alipoiwasha Gaju aliruka mtaroni na Kankindi akaruka naye. Leonsia alifuata nyuma na kifurushi cha viazi, akimsimulia kila waliyekutana naye njiani. Walipofika Rulenge habari ilikuwa imewatangulia. Masista waliwapa pa kulala, na asubuhi nusu ya misheni ilisimama kumwona mwizi anayekwenda na kidhibiti chake. Ndivyo alivyotaka Kankindi. Mtu aliyeonwa na watu wote hao hawezi kupotea kimyakimya kwenye daraja la magogo.

Hakimu mkazi aliitwa Aristides, Mhaya mmoja mwembamba, mkavu wa maneno. Kankindi Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo karani wa mahakama, Zita, mwenyeji wa Nyamiaga, alimtafsiria kwa Kihangaza, ambacho Mrundi anakisikia bila shida. Hakimu aliisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Sajini, hati ya kukamata iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Mheshimiwa."

"Hii ni barua ya mtu kwa mtu. Barua ya posa ndiyo huandikwa hivi." Akaiweka mezani. "Nisikilize, maana sitaki kurudia. Nchi haimdai mtu kwa sajini. Serikali ya kule inaiandikia serikali ya huku, na barua inafika kwa Waziri, Dar es Salaam. Waziri akiridhika ananiandikia mimi, mimi ndiye natoa hati. Kisha ushahidi wao unaletwa hapa, na ninaupima kwa sheria yetu. Hilo analodaiwa, lingekuwa kosa kama angelitenda hapa Ngara? Ushahidi unatosha kumshtaki? Au ni visasi na siasa vimevalishwa joho? Nikiona unatosha, anakaa rumande, na ana siku kumi na tano za kukimbilia Mahakama Kuu. Hata zikipita, bado Waziri ndiye wa kusema aende. Na nikiona hautoshi, anarudi kwake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

"Mwachie huyu mama. Na ng'ombe wake."

Kankindi akamgeukia Zita. "Muulize, hiyo njia yake ni ndefu kuliko ya darajani?"

"Ndefu sana, mama," Zita alijibu bila hata kumuuliza hakimu.

"Basi naipenda."

Ungedhani mambo yameishia hapo. Wapi! Sindayigaya alikuwa na ndugu maofisini, na mtu mwenye ndugu maofisini hakosi mihuri. Kiangazi hichohicho Gaju akapandwa, na mvua za vuli zikapita. Mvua za masika zilipokuwa zinakatika, Zita alituma ujumbe na muuza chumvi kwamba jalada limekuja kutoka Dar es Salaam, lina utepe mwekundu na sahihi ya Waziri, na hati inaandikwa.

Leonsia hakungoja uji uive. Alianza kukunja nguo.

"Unaondoka leo hii," alisema. "Frednand ana mjomba wake Biharamulo, anakaa ndani kabisa, huko hata diwani hafiki. Utalima, utakaa kimya, utabadili jina."

"Siendi."

"Wifi, usinitie wazimu!"

"Siendi, Leonsia."

Hapo Leonsia alizitupa nguo chini, akalia kwa hasira, machozi na kamasi pamoja. "Kaka yangu nilimzika kwa maneno matupu, bila maiti, bila kaburi! Na wewe nikuzike kwa nini? Kwa kanga hii? Sindayigaya atasema Bukuru alikuwa mchungaji wake tu, ng'ombe wote ni wake, na nani atambishia? Walioshuhudia Bukuru akipewa yule mtamba aliyemzaa Gaju wako wapi? Wamekufa, wifi! Waliobaki wametawanyika makambini!"

Yote hayo yalikuwa kweli, na Kankindi aliyajua kuliko yeye. Alikuwa akiyafikiria kila siku akimkatia Gaju majani. Kilimani kwao mtu mwenye mali akikupa ng'ombe, hakuna karatasi. Unapewa mbele ya watu, unapiga makofi ya shukrani, mnakunywa pombe ya ndizi. Kuanzia hapo wewe ni mtu wake, unamlimia, unamheshimu, na ng'ombe akizaa unampelekea ndama mmoja. Waliobaki ni wako. Lakini kama mtoaji akigeuka akasema "nilimpa achunge tu", na mashahidi wamekufa, utasema nini? Alikuwa na hofu. Lakini alikuwa na hasira pia, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa.

"Sikiliza, wifi," alisema polepole. "Nikikimbilia Biharamulo, hapo ndipo nitakuwa mwizi. Mimi nilikimbia panga. Kesi sijaikimbia, na sitaikimbia."

Siku ya tatu Malongo akaja na hati, safari hii ina muhuri wa kuonekana kutoka barabarani. Alisimama mbali kidogo, akavua kofia. Kankindi alikuwa ameshavaa. Kamba ilikuwa kiunoni.

"Mama," sajini alisema kwa unyonge, "pikipiki nimeiacha kituoni."

Gaju alikuwa na mimba kubwa, wakaenda taratibu, siku tatu nzima. Kankindi akawekwa mahabusu ya wanawake, na kidhibiti kikafungwa Nyamiaga kwa mama yake Zita. Usiulize ilikuwaje, lakini usiku wa kuamkia kesi kidhibiti kilizaa. Zita alimletea habari asubuhi kupitia dirishani: ndama dume, mwekundu, paji jeupe. Kankindi alicheka kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Kisha akakumbuka anakokwenda, akachukua kanga yake.

Mahakama ilijaa. Mwendesha mashtaka alikuwa Inspekta Derick, mtu wa Biharamulo, mwenye sauti nzito na viatu vinavyong'aa. Alifungua jalada, akatoa maelezo ya mlalamikaji yaliyoapishwa kule na kutafsiriwa, akaanza kusoma, naye Zita akawa anamgeuzia Kankindi kipande kwa kipande. Kankindi alikaza meno. Alikuwa akingojea neno moja tu, mchungaji. Likija hilo, amekwisha.

"Mimi Sindayigaya," Inspekta alisoma, "mwenye ng'ombe arobaini na wawili, ninayejulikana kilima kizima kwa ukarimu wangu. Mwaka elfu moja mia tisa themanini na moja nilimwonea huruma Bukuru, mtu asiye na kitu. Nilimpa mtamba mmoja mbele ya watu, akapiga magoti, akanipigia makofi. Tangu siku hiyo alinilimia migomba yangu kila juma, akaniletea pombe kila mavuno, akanijengea uzio wa boma langu, na mtamba alipozaa akaniletea ndama mmoja kama ilivyo desturi, nami nikampokea, maana mimi ndiye niliyemfanya awe mtu. Baada ya kufa kwake, mkewe, bila shukrani, ametoroka na ng'ombe…"

Kankindi akaangua kicheko.

Alicheka mpaka akashika ukingo wa kizimba. Askari akamsogelea. Leonsia kule nyuma akadhani wifi yake amerukwa na akili. Hakimu akagonga meza. "Mama, kuna nini cha kuchekesha?"

Kankindi akajifuta macho. Miezi yote ile alikuwa akimwogopa mtu mwerevu, kumbe mtu mwenyewe anashindwa kukaa bila kujitangaza kwamba yeye ni mkubwa! Angesema neno moja la uongo angempata. Lakini bwana mwenye ng'ombe arobaini na wawili aseme alikuwa na mchungaji tu? Kila mtu ana mchungaji. Yeye alitaka hadi Dar es Salaam wajue kwamba anagawa ng'ombe na watu wanampigia magoti.

"Mheshimiwa," alisema, na Zita akatafsiri huku naye midomo ikimcheza, "namuuliza huyu bwana mwenye karatasi. Mtu anayenichungia ng'ombe zangu, akaniletea ndama mmoja nikampokea, nikamshukuru, wale ndama wengine ni wa nani?"

Inspekta akaanza kupekua karatasi zake. Nyuma huko mzee mmoja akaguna, "Ahaa!" na guno likapita benchi kwa benchi. Hakuna mtu mle ndani aliyehitaji kuelezwa. Mchungaji haleti ndama, maana ndama wote ni wa mwenye mali. Anayeleta mmoja ni yule ambaye waliobaki ni wake.

"Inspekta," hakimu alisema, "kwenu mnapeana ng'ombe namna hii?"

"Tunapeana, Mheshimiwa."

"Aliyepewa akihama na ng'ombe wake, mnamwitaje?"

Derick alikuwa mtu wa kiapo. Aliviangalia viatu vyake vinavyong'aa. "Tunasema anadaiwa ndama, Mheshimiwa. Na heshima. Hatumwiti mwizi."

Hakimu akaandika. Kalamu ikakwaruza muda mrefu. Kisha akamuuliza Kankindi kama ana la kuongeza, na kwa nini aliondoka kule. Hapo Kankindi hakucheka tena. Alishika Biblia, akataja mwezi, akataja saa, akataja mlango. Akamtaja Sindayigaya kwa jina lake na jina la baba yake, na lile neno alilolisema akicheka. Hakupandisha sauti hata kidogo. Leonsia alikuwa analia, na Malongo, aliyesimama mlangoni, alikuwa ametazama dari.

Uamuzi ulikuja saa nane. Aristides aliusoma bila kuinua macho: wizi kwa sheria ya huku ni kuchukua mali ya mwingine kwa nia mbaya, na maelezo ya mlalamikaji mwenyewe yanaonyesha alitoa, akashukuriwa, akapokea haki yake. Ushahidi hautoshi. Mama hakabidhiwi. "Ndama anayedaiwa, kama anadaiwa, ni jambo la desturi. Wamalizane wenyewe."

"Mheshimiwa." Kankindi hakushuka kizimbani. "Hii njia inakwenda upande mmoja tu? Na mimi siwezi kumdai huyo aletwe hapa?"

Hakimu akavua miwani. Alionekana mchovu. "Aliua kule, mama. Kule ndiko wa kumshtaki, na hawamshtaki. Siwezi kukudanganya." Akagonga jalada kwa kidole. "Lakini ulichosema leo umekisema kwa kiapo, kimeandikwa, na nakala inarudi kule kwa njia ileile iliyolileta jalada hili. Siku akitia mguu huku, hatakuwa mgeni. Atakuwa mtu mwenye jina ndani ya jalada."

Kankindi akayabeba maneno hayo hadi Murusagamba, pamoja na ndama.

Ndama alipoacha kunyonya, alituma salamu kwa watu wa gulio wanaovuka na kurudi: mwambieni Sindayigaya, kama bado anadai ndama, haki yake ipo. Ndama wa Gaju yuko tayari, dume, ana paji jeupe. Aje darajani siku ya gulio, adhuhuri, mbele ya watu, kama desturi inavyotaka. Leonsia alimwambia kwamba sasa amechanganyikiwa kweli. Frednand, asiyesema mengi, alikwenda kuchuja pombe.

Na Sindayigaya alikuja! Watu wawili walimsindikiza. Alisimama mwisho wa daraja, upande wake, koti zito na fimbo, adhuhuri yote ile. Kankindi alisimama upande huu na ndama, na kibuyu cha pombe chini, na nusu ya gulio nyuma yake. Katikati yao palikuwa na magogo sita na maji ya kufika magotini.

"Mvushe!" Sindayigaya aliita.

"Vuka umchukue."

"Wewe mwanamke, desturi inataka uniletee!"

"Desturi inataka nikuletee kutoka nyumbani kwangu. Kwangu kwa kule ulipafanya kaburi. Kwangu sasa ni huku. Njoo. Pombe ipo, watu wapo. Hatua kumi tu, mkarimu wewe!"

Mzee akaweka mguu kwenye gogo la kwanza. Hapo ndipo Sajini Malongo, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake kana kwamba hayamhusu, alipotoa daftari, akalamba ncha ya penseli, akauliza kwa sauti ya kazini:

"Mzee, shikamoo. Jina lako kamili ni nani?"

Sindayigaya aliliangalia daftari. Aliwaangalia watu. Mguu ukarudi nyuma. Alisema kitu kwa wenzake ambacho hakikusikika, akageuka, akaanza kupanda mlima, kwanza kwa hatua za heshima, halafu haraka, koti likimpiga kwenye mapaja. Kankindi alimwita mara ya pili. Akamwita mara ya tatu, ili pasiwepo wa kusema hakuitwa. Hakugeuka.

"Mmeona wenyewe," Kankindi aliwaambia watu, akainua kibuyu akampa yule mama muuza dagaa anywe wa kwanza.

Leonsia akamsogelea, akamshika bega. "Umeridhika sasa, wifi?"

"Niridhike na nini? Bukuru hajarudi." Kankindi alikuwa bado anatazama ng'ambo, koti lilipokuwa linapotelea migombani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Lakini siku ile yeye aliuona mgongo wangu akacheka. Leo nimeuona wake."

Kisha akamvuta ndama kamba, wakarudi nyumbani kukamua.